Jibu kwa msomaji: Nitahamishaje picha, video na kazi zangu kwenda kompyuta mpya?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimenunua laptop mpya yenye Windows 11 baada ya kutumia ya zamani, yenye Windows 10, tangu mwaka 2016. Ya zamani ina diski ya GB 500 na imejaa kama GB 380: picha za watoto tangu walipozaliwa, video ya harusi ya dada yangu, taarabu ambazo marehemu baba alizitoa kwenye kanda, alama za wanafunzi, na tasnifu yangu. Fundi anasema atahamisha diski nzima kama ilivyo, pamoja na programu zote, kwa shilingi 60,000. Mtoto wa dada yangu anasema nisipoteze hela, ninunue flashi ya TB 2 inayouzwa shilingi 25,000, nikate kila kitu na kukibandika kwenye mpya. Nilipojaribu kuweka video ya harusi kwenye flashi yangu ya GB 32, ambayo ni tupu kabisa, kompyuta ilikataa ikisema faili ni kubwa mno. Sasa naogopa kugusa chochote. Nimsikilize nani? Na ile ya zamani naweza kumpa mdogo wangu aliyeko chuoni?"

Mwalimu, salama. Hofu yako imekusaidia, kwa sababu hadi sasa hujagusa kitu na hakuna kilichopotea. Fundi na kijana wako wote wanakutakia mema, lakini ushauri wa fundi unafaa kwa kazi nyingine isiyo hii yako, na ushauri wa kijana, ukiufuata neno kwa neno, unaweza kukupotezea picha zote kwa mchana mmoja. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakuambia ambacho ningefanya mimi kama diski hiyo ingekuwa yangu.

Kwanza tutenganishe aina mbili za vitu vilivyomo. Windows, programu ya kuandikia, kivinjari na programu ya kuchezea video vinaweza kupatikana tena wakati wowote. Picha za watoto, sauti za kanda za marehemu baba na alama za wanafunzi hazipatikani popote pengine. Kwa hivi vya aina ya pili nina sharti moja tu: katika kila hatua ya kazi hii, viwe na nakala mbili nzima katika vifaa viwili tofauti. Sasa hivi una nakala moja, tena kwenye diski iliyofanya kazi tangu 2016. Jambo hilo linanipa wasiwasi kuliko uhamishaji wenyewe.

Anachokupendekezea fundi ni kutengeneza pacha wa diski: kila kitu kilichomo, pamoja na Windows yenyewe, kinanakiliwa kwenye diski nyingine. Ni njia nzuri sana mtu anapobadilisha diski ndani ya kompyuta ile ile, kwa mfano kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Kompyuta yako mpya, hata hivyo, ina mfumo wake. Kuiwekea pacha wa diski ya zamani kungefuta Windows 11 uliyoilipia na kuleta Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ungeletewa pia programu za kuendesha vifaa ambavyo havimo kwenye mashine mpya, pamoja na takataka na pengine virusi vya miaka yote hiyo. Kuna uwezekano pia kwamba mashine mpya isiwake kabisa, kwa kuwa namna kompyuta zinavyoanzisha mfumo imebadilika, na diski nyingi za zamani zimegawanywa kwa mpango ambao mashine za sasa hazianzii.

Ahadi ya "programu zote" ndiyo inayowavutia wengi, kwa hiyo niseme wazi: programu haihami kwa kunakili folda yake. Inapowekwa, hutawanya sehemu zake katika folda kadhaa na kuandika mamia ya maelezo kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio. Kuchukua folda peke yake ni kama kuhamisha mwembe kwa kukata shina na kuacha mizizi yote ardhini. Andika orodha ya programu unazozitumia kweli, ambazo kwa mwalimu mara nyingi hazizidi kumi, kisha uziweke upya kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Ikiwa baadhi ziliwekwa zikiwa zimevunjwa kufuli za leseni, huu ndio wakati mzuri wa kuachana nazo, kwa sababu ni njia kuu ya kuingiza virusi kwenye kompyuta safi.

Tuje kwa kijana. Kuhusu kukata, Windows inapohamisha faili kutoka diski moja kwenda nyingine, hainyanyui chochote. Hunakili faili upande wa pili, ikiamini imefika hufuta ile ya mwanzo. Kila kitu kinategemea ukweli wa taarifa kwamba "imefika". Sasa ongeza juu yake flashi ya TB 2 kwa shilingi 25,000.

Flashi ya namna hiyo karibu kila mara ni ya kughushi, na inafaa ujue inavyofanya kazi, kwa kuwa udanganyifu wake ni wa kijanja. Ndani yake kuna hifadhi halisi ndogo, tuseme GB 32, na kidude kinachoiongoza ambacho kimepangwa kuiambia kompyuta kwamba nafasi ni TB 2. Ukiweka folda chache kwa majaribio, zinafunguka vizuri, nawe unaridhika. Ukipita kiwango halisi, flashi haikatai. Inaendelea kupokea, ama ikizitupa data zinazofuata, ama ikirudi mwanzo na kuandika juu ya zile ulizoweka kwanza. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni mwa flashi, hivyo utaona folda zote zikiwa na majina na ukubwa sahihi, hadi siku utakapofungua picha na kukuta kijivu kitupu au ujumbe kwamba faili imeharibika. Kompyuta imeambiwa imefika, imeamini, na kwa kuwa ulikata, ya mwanzo imekwisha kufutwa. Ushauri huu wenye sehemu mbili, ambazo kila moja ungeweza kuokoka nayo, ni wa hatari zinapokutana.

Kwa hiyo kila kifaa cha kuhifadhia unachonunua, hata cha bei ya haki, kijaribu kabla ya kukiamini. Kuna programu ya bure kwa Windows iitwayo H2testw, ambayo hujaza kifaa kitupu kwa data za majaribio hadi ukingoni, kisha huzisoma tena zote na kukuambia ni kiasi gani kilirudi salama. Kwa wanaotumia Linux au Mac ipo F3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Jaribio huchukua saa kadhaa kwa diski kubwa. Liache liendelee usiku umeme ukiwa wa uhakika. Na usishtuke diski halali ya GB 500 ikisomeka GB 465, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024.

Video ya harusi ilikataliwa kwa sababu nyingine kabisa, isiyo na ubaya wowote. Flashi nyingi za GB 32 au chini ya hapo huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao una nafasi ya kuandika ukubwa wa faili usiofika GB 4. Flashi inaweza kuwa tupu kabisa na bado ikakataa faili moja ya GB 5, kwa sababu tu haina namna ya kuiandika kwenye daftari lake. Suluhisho ni kuipanga upya (format) kwa mfumo wa exFAT usio na kikomo hicho, au NTFS ikiwa itatumika kwenye Windows pekee. Kupanga upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo fanya hivyo flashi ikiwa tupu. Kwa GB 380, lakini, flashi hiyo haikutoshi kwa vyovyote.

Ningekushauri ununue diski ya nje ya TB 1 kutoka duka linalotoa risiti na dhamana. Najua ni gharama juu ya gharama, na pengine inazidi zile 60,000 za fundi. Lakini fedha ya fundi inaisha siku hiyo hiyo, ilhali diski hii, baada ya kukuvusha, inabaki kabatini ikiwa nakala yako ya akiba, kitu ambacho hujawahi kuwa nacho. Unanakili kutoka ya zamani kwenda diski ya nje, kisha kutoka diski ya nje kwenda mpya, na mwishoni vitu vyako viko mahali patatu. Ipange kwa NTFS ikiwa nyumbani mna Windows tu, kwa sababu NTFS hustahimili zaidi umeme unapokatika katikati ya kuandika.

Ikiwa fedha hairuhusu mwezi huu, zipo njia nyingine mbili. Kompyuta zote mbili zinaweza kuunganishwa kwenye ruta moja, ukashiriki folda ya ya zamani na kuivuta kutoka mpya. Haigharimu bando, kwa kuwa data haitoki nje ya nyumba, ila kwa Wi-Fi ni polepole na hukatika, hivyo waya wa mtandao ni bora. Au fundi afungue kompyuta ya zamani, atoe diski na kuiweka kwenye kasha lake la USB, ambalo ni la bei ndogo, kisha uichomeke kwenye mpya kama diski ya nje. Njia hii ni ya haraka, na ndiyo itakayokufaa siku kompyuta ya zamani itakapokataa kuwaka. Zote mbili zinakuacha bila nakala ya akiba ya kudumu, kwa hiyo ukizitumia, usiifute ya zamani hadi diski ya nje ipatikane.

Hifadhi ya mtandaoni siipendekezi kwa mzigo wote. Google hutoa GB 15 bure na OneDrive GB 5. Na hata ukilipia nafasi, kupandisha GB 380 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kunahitaji siku saba bila kusimama, kisha uzishushe tena upya. Itumie kwa vitu vidogo vya thamani kubwa. Tasnifu na majalada ya alama vitaingia kwenye GB 15 na nafasi itabaki, ingawa majalada yenye majina ya wanafunzi yanastahili kufungwa kwa nenosiri kwanza.

Kabla ya kunakili, hakikisha unajua vitu viko wapi. Vingi vimo ndani ya folda yenye jina lako chini ya C:\Users: Desktop, Documents, Pictures, Music, Videos na Downloads. Watu husahau Downloads, na ndimo zinamokaa picha zote zilizohifadhiwa kutoka WhatsApp ya kompyuta. Angalia pia kama kuna diski ya D, na folda zilizotengenezwa moja kwa moja kwenye C. Alamisho na manenosiri ya kivinjari hayamo kwenye folda hizo. Yatahama yenyewe ukiwasha usawazishaji kwa akaunti yako pande zote mbili. Kivinjari hukuruhusu kuyatoa manenosiri kama faili, lakini faili hiyo husomeka na yeyote anayeifungua, kwa hiyo nisingeipitisha kwenye diski ya kuazima. Barua pepe unayoisoma kupitia kivinjari haihitaji kuhamishwa. Ukiwa unatumia Outlook ya kwenye kompyuta, tafuta faili zenye mwisho wa .pst, ifunge Outlook, kisha uzinakili.

OneDrive inahitaji tahadhari yake. Ukiona alama ya wingu karibu na jina la faili, maana yake faili lenyewe haliko kwenye kompyuta. Lililopo ni jina tu, na ukilinakili, kompyuta italishusha kwanza kutoka mtandaoni kwa bando lako. Upande wa pili, kompyuta mpya ukiifungua kwa akaunti ya Microsoft inaweza kuanza yenyewe kupandisha Desktop, Documents na Pictures. Nimewaona watu wakimaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja bila kujua limekwenda wapi. Zima upandishaji huo kwenye mipangilio ya OneDrive kabla ya kuleta faili zako.

Siku ya kazi, chomeka kompyuta zote kwenye umeme, hasa ya zamani ambayo betri yake huenda haishiki tena, na uzuie zisilale. Tumia tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Kwenye USB 2, kwa kasi ya kawaida ya MB 30 kwa sekunde, GB 380 ni zaidi ya saa tatu na nusu, na picha ndogo ndogo nyingi huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye ukubwa ule ule. Nakili, usikate. Nenda folda moja moja, ukianza na zisizopatikana tena: sauti za baba, kisha picha, kisha kazi. Ukiweza kuandika amri, Windows ina chombo chake kiitwacho robocopy, ambacho ni bora kuliko kuburuta kwa kipanya, kwa sababu umeme ukikatika unarudia amri ile ile nacho huruka zilizokwisha kufika. Amri kama robocopy "C:\Users\Mwalimu\Pictures" "E:\Pictures" /E /R:1 /W:1 inatosha, ambapo E ni herufi ya diski ya nje na Mwalimu ni jina la folda yako. Usiziache hizo R na W, kwa maana bila ya hizo chombo hicho hurudia faili lenye kasoro hadi mara milioni moja, kikisubiri sekunde 30 kila mara. Na usiongeze /MIR hata ukiiona mahali fulani, kwani hiyo hufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza.

Ukinakili kwa kuburuta, utaona tarehe za kuundwa kwa faili zimekuwa za leo. Usihuzunike. Tarehe ya kupigwa picha imeandikwa ndani ya picha yenyewe na kamera, nayo inasafiri pamoja nayo. Picha za WhatsApp ndizo huwa zimeondolewa maelezo hayo, na tarehe yake imebaki kwenye jina tu, mfano IMG-20190614-WA0003, ambayo ilitumwa au kupokelewa tarehe 14 Juni 2019. Kwa sababu hiyo usizibadilishe majina.

Kisha hakiki. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake kwa baiti katika folda zote mbili, ukiangalia ukubwa halisi na si nafasi iliyochukuliwa kwenye diski, kwa kuwa hiyo hutofautiana kwa mpangilio wa diski. Hesabu peke yake haitoshi: fungua picha za mwaka wa kwanza, za katikati na za mwisho, cheza video ya harusi katikati na dakika zake za mwisho, sikiliza kanda kadhaa hadi mwisho. Wakati huo huo pitisha kikagua virusi cha Windows juu ya diski ya nje. Ukikuta folda zimegeuka njia za mkato zisizofunguka, ugonjwa unaosambazwa sana na flashi za vituo vya kuchapishia, usizibofye. Mara nyingi faili zako zipo, ila zimefichwa, na fundi mzuri huzifichua kwa muda mfupi.

Kuna hali ambazo ni lazima usimame na kumwita mtu ana kwa ana: diski ikitoa sauti ya kugonga, ikitoweka na kurudi, kasi ikishuka hadi kilobaiti kwenye faili zile zile, au ukipata ujumbe wa makosa ya kusoma. Zima kompyuta. Usiendeshe programu za kurekebisha diski, kwa sababu zinailazimisha diski iliyochoka kufanya kazi nzito zaidi. Hapo ndipo pacha wa diski aliyeahidiwa na fundi anakuwa hatua ya kwanza iliyo sahihi, mradi atumie chombo kinachovumilia sehemu mbovu, na uokoaji ufanyike kwenye pacha. Muulize kama amewahi kuifanya kazi hiyo. Ikiwa jibu lake ni kwamba atajaribu, tafuta mwingine. Fundi yeyote asiachiwe nenosiri la akaunti yako, na kazi ifanyike ukiwapo inapowezekana. Kwa upande wa kompyuta mpya, kabla hajaigusa, hakikisha unao ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli ya diski iliyomo ndani ya Windows. Windows 11 mara nyingi hufunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza na kuuhifadhi ufunguo kwenye akaunti yako ya Microsoft, na mabadiliko fulani ya vifaa huifanya kompyuta iudai inapowaka.

Mdogo wako unaweza kumpa ile ya zamani, lakini si wiki hii. Ikae muhula mzima bila kufutwa, uone ni faili gani utalitafuta na kulikosa, kwa maana lipo daima. Ukiridhika, tumia sehemu ya kurejesha Windows upya, chagua kuondoa kila kitu, na uwashe kipengele cha kusafisha data. Kufuta na kumwaga pipa la taka pekee huacha alama za wanafunzi wako zikiweza kuokolewa na yeyote mwenye programu ya kurejesha faili, na taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Ondoa pia kompyuta hiyo kwenye akaunti yako. Mashine ya 2016 kwa kawaida haikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo mdogo wako ama ajiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026, ama awekewe Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, ambao ni bure na itamtosha kwa kuandika, kusoma na kuvinjari kwa miaka kadhaa. Asifanyie miamala ya benki kwenye Windows 10 isiyopata masasisho.